Mwamba Haujui Saa ya Basi Lako

Dalili ya mvua ni mawingu. Hilo kila mtoto wa Kilombero analijua kabla hajaanza darasa la kwanza. Dalili ya ukavu, hatukuachiwa methali yake. Ndiyo maana mvua ikikatika nawaona watu wazima wenye akili zao wakitazama juu, wakiona kipande cha anga ya buluu, wakisema "pamekauka," kisha wakiweka mguu juu ya jiwe ambalo halijakauka hata kidogo.

Mwongozo huu ni wao. Unahusu mawe ya Udzungwa: yale ya njia ya kupandia maporomoko ya Sanje, yale ya vijito vinavyoshuka Mang'ula, na mwamba wowote utakaotaka kuukwea kwa mikono na miguu ukitokea Ifakara. Naipenda milima hii. Nataka vijana wetu waipande, wasiishie kuitazama kwenye dirisha la basi. Na nataka washuke kwa miguu yao wenyewe, wasishushwe kwa machela.

Kwanza: yasiyo ushahidi

Kabla hujapima jiwe, toa kichwani hoja hizi. Zote nimezisikia pale chini ya mlima, zikitolewa kwa sauti ya kujiamini.

*Shati langu limekauka.* Shati liko mgongoni kwa mtu mwenye joto. Jiwe halina damu.

*Lami imekauka.* Lami iko juani, na magari yanaikausha kwa matairi siku nzima. Juu ya mwamba hapapiti gari.

*Ifakara haikunyesha.* Ifakara iko kwenye tambarare, kama mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Luhombero kinapita mita 2,500. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ikigonga ukuta huo haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga maji hukohuko. Mlima unaweza kunyeshewa tangu alfajiri wewe ukiwa Ifakara unaanika mpunga.

*Simu inaonyesha jua.* Simu imekupa habari za mji. Jiwe unalotaka kulikanyaga liko korongoni, chini ya miti, na lina hali ya hewa yake.

*Tumetoka mbali, tumelipa kiingilio, na basi ni saa tisa.* Hii ndiyo hoja inayovunja miguu kuliko zote. Mwamba haujui saa ya basi lako.

Hatua ya 1: Lijue jiwe lenyewe

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita kule Kenya. Mwamba wake kwa sehemu kubwa ni naisi, jiwe la kale sana lililopikwa na kukandamizwa ardhini mpaka likatoka na mistari, mweupe kwa mweusi. Punje zake zimeshikana, kwa hiyo halinywi maji. Mvua ikinyesha, maji hubaki juu ya uso wake au hujificha kwenye nyufa. Uso ulio wazi, ukipata jua na upepo, hukauka upesi. Hiyo ndiyo bahati yetu.

Jiwe la mchanga ni habari nyingine. Hilo hunywa maji kama sifongo, na likiwa limelowa ndani nguvu zake hupungua. Kishikio kilichobeba watu mwaka mzima kinaweza kubaki mkononi mwako. Nchi ambako watu hukwea mawe ya namna hiyo, wakweaji huyaacha siku moja, mbili, au zaidi baada ya mvua, hata kama uso unaonekana mkavu. Basi ukienda kukwea ugenini, swali lako la kwanza kwa wenyeji liwe: hapa jiwe ni la aina gani?

Hatua ya 2: Hesabu jua, usihesabu saa

Watu huuliza, "Imepita saa ngapi tangu mvua ikatike?" Uliza hivi: jiwe limepigwa na jua kwa muda gani tangu mvua ikatike?

Ukuta wa Udzungwa unaotazama bonde la Kilombero unaelekea mashariki na kusini mashariki. Maana yake jua lake ni la asubuhi. Alasiri jua huzama nyuma ya milima mapema, na kivuli kinashuka huku bondeni bado kuna mwanga tele. Kwa hiyo mvua ya usiku ina dawa: subiri mpaka asubuhi ikomae. Mvua ya saa saba mchana haina dawa siku hiyo. Rudi kesho.

Kuna na la pili, ambalo huwashangaza hata wenyeji. Juni na Julai, kiangazi kikiwa kimeanza, jua la kwetu hupita upande wa kaskazini. Mwamba uliosimama wima na kutazama kusini hukaa kivulini kutwa. Ukinyeshewa na manyunyu hapo, hukaa mbichi kuliko ambavyo ungekaa Desemba, wakati jua limehamia kusini. Usiseme "ni kiangazi, kila kitu kimekauka." Simama mbele ya mwamba, nyoosha mkono uonyeshe jua lilipo, na uone kama kuna mstari ulionyooka kati yake na jiwe.

Hatua ya 3: Miti hunyesha mara ya pili

Msituni mvua haikatiki pale inapokatika. Majani yamebeba maji, na kila upepo ukipita yanamwagika upya. Simama kimya chini ya miti usikilize. Ukisikia matone yanagonga majani ya chini, kwako mvua bado inanyesha, hata kama mbingu ni nyeupe. Hewa ya chini ya msitu pia ni nzito na imetulia, na maji hayaendi hewani kirahisi kama hewa yenyewe imeshiba. Jiwe la msituni na jiwe la uwandani, hata kama yamezaliwa na mwamba mmoja, hayakauki pamoja.

Hatua ya 4: Ingiza mkono

Hatua hii nilifundishwa na shangazi yangu, ambaye hajawahi kukwea mwamba maishani mwake. Alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai, mvua ya manyunyu ikampitia mara mbili, akaufunika na kuufunua. Jioni mimi nikaona umekauka, nikaanza kuleta magunia.

"Shangazi, si umekauka huu?"

"Umekauka kwa macho, mwanangu. Ingiza mkono."

Nikaingiza mkono mpaka kwenye turubai. Juu punje zilikuwa na joto na zilichakarisha kama changarawe. Chini zilikuwa baridi, zimeshikana. Akachukua punje moja ya chini, akaimenya, akaiweka menoni. Haikulia. Akachukua ya juu: *ka!* Akaniambia nikizifungia gunia moja hizo mbili, ya chini itaiozesha ya juu, na mashineni nitapata chenga badala ya mchele.

Mwamba unapimwa vivyo hivyo, kwa mkono, na kwa utaratibu.

Tazama rangi kwanza. Tafuta sehemu iliyokingwa, chini ya jiwe lililojitokeza, ambako mvua haikufika. Hiyo ndiyo rangi ya jiwe kavu. Linganisha na pale unapotaka kukanyaga. Lakini usiishie hapo, maana naisi ina mistari myeusi ya kuzaliwa, na penye mkondo wa maji wa miaka mingi hubaki doa jeusi hata kiangazi. Macho yanakupa dhana, mkono ndio unaothibitisha.

Kisha weka mgongo wa kiganja juu ya jiwe. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, kwa hiyo jiwe linaloendelea kukauka huwa baridi kuliko jirani yake kavu lililo kwenye mwanga uleule. Mgongo wa kiganja hulisikia hilo kuliko vidole vyenye sugu.

Tatu, nenda kwenye nyufa. Huko ndiko maji yanakojificha, na huko ndiko vidole vyako vitakakokwenda kutafuta pa kushika. Chukua kipande cha karatasi laini au pindo la kitambaa, kisukume ndani ya ufa, hesabu mpaka kumi, kitoe. Kikitoka na doa, ufa bado unatoa maji. Hata uso ukikauka kabisa, maji yaliyoingia mlimani juu yataendelea kuchuruzika kwenye nyufa saa nyingi, na baada ya masika makubwa siku nyingi.

Mwisho, futa soli zako. Jiwe likiwa kavu na kiatu kina tope la njiani, bado utateleza. Panda jiwe la kimo cha goti, egemeza uzito wote kwenye mguu mmoja, usukume. Mguu ukisogea hata upana wa kidole, umeshapata jibu lako ukiwa bado karibu na ardhi.

Hatua ya 5: Utando wa kijani hauna siku ya ukavu

Penye kivuli mawe yetu huota utando wa kijani, mwembamba, ambao ukiwa mkavu hauonekani kama hatari. Ukipata maji kidogo tu, hata umande, unakuwa kama sabuni ya kipande. Mpwa wangu aliteleza juu ya utando huo kwenye jiwe lisilozidi kimo cha kiti, akavunjika mkono. Hapakuwa na mvua asubuhi ile. Palikuwa na ukungu.

Kanuni yangu ni fupi: penye kijani, mguu hauendi. Zunguka. Na usiukwangue ili upate pa kukanyaga. Kukwangua kunachukua dakika, kuota upya kunachukua muda mrefu, na vitu vingi vidogo vinaishi humo.

Hatua ya 6: Uliza mvua ya watu wengine

Mawe ya kijitoni yana sheria yake. Hapo mvua iliyokunyeshea siyo inayokuhusu sana. Inayokuhusu ni ile iliyonyesha huko juu, usikokuona. Septemba 2019, katika Hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya, maji ya ghafla yalishuka kwenye korongo jembamba na kuua watu saba.

Kwa hiyo ukiwa kwenye mawe ya kijito, chagua jiwe moja lililotoka juu ya maji, ulikumbuke kwa alama. Litazame kila baada ya muda mfupi. Maji yakilipanda, au yakibadilika kutoka maangavu kuwa ya rangi ya chai ya maziwa, au yakianza kushusha majani na vijiti, acha mkoba, panda kando. Mkoba unanunuliwa.

Hatua ya 7: Pima na kushuka

Wengi hupima jiwe la kupandia na kusahau kwamba ndilo la kushukia. Kama mawingu yanakusanyika juu ya mlima saa tano asubuhi, jiwe ulilolipita kavu utalikuta limelowa, nawe umechoka, na magoti yanatetemeka. Jiulize hivi: kama mvua itanyesha nikiwa juu, nitashukaje? Kama huna jibu, usipande.

Na kiongozi wa hifadhi akikuambia hapana, ni hapana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii ni kama ilitungwa kwa ajili ya wapanda mawe. Yeye amelipita jiwe lile mara mia, kwenye vumbi na kwenye masika. Wewe umeliona leo.

Jiwe lisilotakiwa kukauka

Nimeandika kurasa hizi zote kana kwamba ukavu ndio wema wenyewe. Kwa mkweaji ni kweli. Lakini ukifuata ukingo wa milima hiihii kutoka Ifakara kuelekea kusini magharibi, utafika korongo la mto Kihansi, na huko utajifunza upande wa pili.

Maporomoko ya Kihansi yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima. Miamba na majani ya pembeni hayakuwahi kukauka. Mwaka 1996 wanasayansi walikuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili za manyunyu. Kisha tukawasha mtambo wa umeme wa megawati 180, umeme tunaouhitaji kweli. Maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, na mwamba ukaanza kukauka.

Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani kutunzwa. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu ya zamani. Waliobaki walishambuliwa pia na ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata vizazi vya wale waliohifadhiwa vilirudishwa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Binadamu walewale wanaonuna mwamba ukiwa mbichi walilazimika kununua mabomba ili waulowanishe.

Siku ambayo karatasi yako itatoka kwenye ufa na doa, na wenzako wakaanza kunung'unika, kumbuka mabomba yale. Maji unayoyaona yana kazi hapo, na yalianza kazi hiyo kabla ya babu yako. Kaa chini, fungua chakula, sikiliza miti ikinyesha mara yake ya pili. Kisha mpigie simu kondakta umwambie siti yako ampe mtu mwingine. Kesho asubuhi jua litakuja upande wa mashariki, nawe utaliwekea jiwe mgongo wa kiganja tena.