Ukidanganya Mapigo ya CAN, Danganya kwa Ustadi

Ndugu yangu, umenunua bodi ya MCP2515 ya bei poa, umeiunga kwenye Raspberry Pi, na bosi anataka kuona data mchana huu. Muda wa kusoma datashiti huna. Sikia.

1. Nakili mstari wa mwenzako. Fungua config.txt, bandika dtoverlay=mcp2515-can0,oscillator=16000000,interrupt=25. Usiulize hiyo milioni 16 imetoka wapi. Draiva nayo haitauliza: haina njia ya kupima kristali. Inaamini ulichoandika, inagawa kwa mbili, na hesabu zake zote zinajengwa hapo.

2. Mwonyeshe bosi loopback. Hapa ndipo pa kujidai. Washa can0 kwa bitrate 500000 na loopback on, tuma, pokea. Fremu zinarudi zote. Hata kama kristali yako ni ya MHz 8, kama ilivyo kwenye bodi nyingi za bei hiyo, jaribio litapita, maana chipu inajiongelesha yenyewe kwa mapigo yale yale. Piga picha ya skrini mapema.

3. Leta bodi ya pili iliyodanganywa vivyo hivyo. Zitaelewana kabisa, zote zikienda kilobiti 250 kwa sekunde huku skrini ikiandika 500. Oskiloskopu ingeonyesha kila biti ikichukua mikrosekunde 4 badala ya 2, lakini nani kakuomba uilete?

4. Sasa gari. Kwenye laini ya kilobiti 500 bodi yako itaona makosa matupu, na fremu zake za makosa zitavuruga ujumbe wa wengine. Njia ya mkato ipo: omba bitrate 1000000. Nusu yake ni 500, na inafanya kazi kweli. Ila acha maelezo kwenye faili, kwa sababu siku mtu akibadilisha bodi kwa yenye kristali ya 16, ataingia kwenye laini kwa megabiti nzima.

Ipo ya mkato zaidi, na hii ndiyo ninayoipenda. Washa tochi ya simu, tazama kile kikopo cha rangi ya fedha kando ya chipu, yaani kristali. Kimeandikwa 8.000? Andika oscillator=8000000, washa upya, kisha ip -details link show can0. Ukiona clock 4000000, umefika.

Gari lina breki. Kwa hiyo mara ya kwanza washa na listen-only on. Bodi itasikiliza tu, haitatuma hata fremu ya kosa.