Semina kwa Waheshimiwa

Mwanamke akiingia ofisi ya wanaume, kwanza hupelekwa semina. Anafundishwa kuongea kwa kujiamini, asiseme sana, asinyamaze mno, atabasamu ila kwa kiasi, kisha kunaletwa chai ya saa nne na mandazi. Semina ya wanaume ya kufundishwa kusikiliza bado haijapata mfadhili.

Tuwape basi mfano wa ofisi yenye adabu: Bunge la Kenya. Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, alikosa wa kumwachia mwanawe wa miezi mitano, akaingia naye ukumbini. Kanuni za Bunge zilimwita mtoto huyo mgeni. Waheshimiwa kadhaa waking'aka, mama akatolewa nje na mgeni wake. Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, ilitungwa na nani? Bunge la Kenya, jamani.

Na Katiba ya 2010? Inasema wabunge wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kutotunga sheria ya kutekeleza hilo. Halikuvunjwa. Si kwamba wabunge hawakujaribu kuitunga: Februari 2019 muswada wake ulifika mezani, zikihitajika kura 233, na wabunge waliokuwemo ukumbini hawakufika hata idadi hiyo. Hawakuupinga, la hasha. Walikuwa na dharura, kila mtu na yake, na zote zikaangukia alasiri ileile.