Unaona? Naona!

Mtu aliye Tegeta anamwelekeza kwa simu mgeni aliyesimama Mbagala: "Ukishuka kituoni, unaona, unavuka barabara, unaona, unalipita duka la dawa, unaona, halafu unaingia uchochoro wa pili." Mgeni haoni kitu, daladala yenyewe bado haijajaa. Lakini kila akitupiwa "unaona" anajibu bila kusita: "Naona, naona." Baadaye anapiga simu akiwa kwenye ghala la mbao, naye mwenyeji anafoka: "Si ulisema unaona?" Ugomvi huu hauna mshindi, maana hapakuwa na swali wala jibu. "Unaona", "unanipata" na "tuko pamoja" ni maneno yenye sura ya swali tu. Kazi yake ni kuomba ruhusa ya kuendelea kusema, na Mswahili mwenye adabu hamnyimi mwenzake ruhusa hiyo.

Ushahidi umejaa madarasani. Mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" kwa pumzi moja, wakiwamo waliokuwa wakichora magari nyuma ya daftari. Mwenye swali? Kimya. Zoezi likisahihishwa, makosa ni mengi kuliko vema. Kikao cha kamati ya harusi nacho ni hivyohivyo: mweka hazina anasoma hesabu, wajumbe wanaitikia "Tuko pamoja!", kisha wiki ya harusi nusu yao wanashangaa nani alipitisha bei ya keki. Kinachomponza msemaji kilionekana mwaka 1990, pale Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford alipowapa watu kazi ya kugonga meza kwa kufuata mdundo wa nyimbo maarufu, wenzao wabashiri ni wimbo gani. Wagongaji walidhani wenzao wangepatia nusu. Kati ya nyimbo 120, wabashiri walipatia 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani. Mwenzake alisikia ko-ko-ko. Mtu wa Tegeta naye, uchochoro anauona peke yake.

Wapo watakaosema maneno haya yana faida: msemaji anapata nafasi ya kuvuta pumzi, na msikilizaji anayesema "enhe" anampa moyo. Ni kweli. Msimulizi hutamka "Paukwa!" akajibiwa "Pakawa!", na bila itikio hilo hadithi hupooza. Ila hakuna bibi aliyewahi kuichukua "Pakawa" kuwa uthibitisho kwamba wajukuu wameelewa kisa, ambacho hata hakijaanza. Itikio ni uungwana. Kosa ni kuligeuza risiti.

Wengine watasema kumtaka mtu mzima arudie alichoambiwa ni kumfanya mtoto. Mbona rubani mwenye mvi akipewa kibali cha kutua hukirudia kwa sauti, akikosea akasahihishwa hapohapo, na hanuni? Kinachoudhi ni namna ya kuuliza. Badala ya "Umeelewa?", swali linalompa mwenzako kazi ya kujitetea, mwambie: "Hebu nitajie utakavyopita, nisije nikawa nimekuchanganya." Hapo lawama umejitwika wewe na heshima yake imebaki palepale. Akitaja sawasawa, mwache aende. Akikwama, anza upya, na safari hii punguza "unaona". Asiyeweza kurudia hajaelewa, hata kama ameitikia mara kumi.