Sifa za Msumbufu wa Mkutano wa Jimbo

Kila jimbo la Pemba lina mtu wake mmoja ambaye akinyanyua mkono tu, ukumbi mzima unaguna. Kikao cha bajeti kimekwisha, Mwakilishi amerudi kutoka Barazani Chukwani, wananchi wamekusanyika kwenye banda la skuli, na hotuba imeshapigiwa makofi. Sheha anatazama saa. Mwenye karafuu juani anawaza mvua, mwenye ngarawa anawaza maji kupwa. Hapo ndipo anaposimama mzee mwenye daftari la skuli lililokunjwa katikati, na kusema: "Mwanangu Mheshimiwa, mie nina maswali matatu." Watu wanaanza kutafuta viatu.

Mtu huyo tumempa jina la msumbufu. Mimi namsifu, tena kwa yale yale anayolaumiwa kwayo: kwamba anarudia, kwamba anadadisi mno, kwamba hana adabu, na kwamba hajui wakati. Katika mkutano ule hakuna anayelifanyia jimbo kazi kubwa kumshinda yeye.

Anarudia, ni kweli. Mwaka jana aliuliza kuhusu njia ya ndani isiyopitika masika, na mwaka huu anauliza njia ile ile. Lakini na bajeti nayo inarudi kila mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kabla yake, mwezi wa Mei na Juni, Baraza la Wawakilishi linapitia makadirio ya wizara moja baada ya nyengine. Ahadi isiyotekelezwa inaweza kurudi kitabuni ikiwa na jina jipya, na sisi tukaipigia makofi mara ya pili. Anayeitambua ni yule aliyeandika jina lake la zamani. Lile daftari analodharauliwa nalo lina safu tatu zilizopigwa kwa rula: kilichosemwa, siku kiliposemwa, kilichoonekana. Safu ya tatu ina nafasi nyingi nyeupe. Jimbo lenye daftari kama hilo lina kumbukumbu, na jimbo lisilokuwa nalo linaanza upya kila Julai.

Wanasema anadadisi mno. Sikilizeni anavyodadisi.

"Ami, fedha za mradi ule zimeshaidhinishwa."

"Alhamdulillahi. Zimetoka?"

"Zinatoka kwa awamu, ami."

"Ya kwanza imetoka kiasi gani? Na Pemba kimefika kiasi gani?"

Hapo ukumbi unaguna tena, na mimi nasema hapo ndipo mkutano unapoanza. Kuidhinishwa si kutoka, na kutoka si kufika. Baraza likipitisha makadirio limetoa ruhusa ya kutumia. Fedha zenyewe zinategemea mapato yatakayokusanywa na mikopo na misaada itakayoingia. Bajeti ya Zanzibar ilikuwa kiasi cha shilingi trilioni 1.8 mwaka 2021/22. Ilipofika 2024/25 ilikuwa imevuka trilioni 5. Kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokuwa rahisi kuishangilia na vigumu kuifuatilia, na ndivyo tunavyomhitaji zaidi mtu wa kuuliza imetua wapi.

Swali lake la Pemba nalo wengine wanaliona la ubaguzi, nami naliona la hesabu. Makao makuu ya wizara yako Unguja, na huku zinasimamiwa na Maafisa Wadhamini. Mradi ukiandikwa kuwa ni wa Zanzibar nzima, mwananchi wa Micheweni ana haki ya kujua sehemu ipi itavuka bahari. Tumejifunza kwa umeme. Waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulifika kisiwani mwaka 2010, na ilikuwa neema kubwa baada ya miaka ya majenereta. Lakini waya kufika Pemba ni jambo moja, na nguzo kufika mtaa wako ni jambo jengine. Aliyehangaika na hilo la pili alikuwa mtu wa kusimama mikutanini, akiuliza hadi watu wakamchoka.

Wanasema hana adabu. Mimi nimemtazama vizuri. Anasalimia kwanza, anamwita kiongozi mwanangu, hatukani, wala hasemi yasiyomhusu. Kosa lake ni kutokukaa chini kabla hajajibiwa. Basi tuangalie Barazani kwenyewe. Wakati wa kupitisha mafungu, Mjumbe asiyeridhika na maelezo ya Waziri anaweza kushika shilingi, yaani kulizuia fungu mpaka apewe jibu la kueleweka. Hakuna anayemwita mkorofi. Kanuni zimempa haki hiyo. Lililo utaratibu Chukwani haliwezi kuwa utovu wa adabu Kojani. Mzee anashika shilingi yake kwa njia pekee aliyonayo, ambayo ni kubaki amesimama.

Na wanasema hajui wakati, anatuchelewesha hadi karibu ya Magharibi. Ni kweli tunachelewa. Lakini nimeona zaidi ya mara moja kinachotokea anapomaliza. Mama aliyekaa nyuma kimya tangu alasiri, na ambaye peke yake asingethubutu, anasimama na kuuliza kwa nini mfereji unatoa maji usiku wa manane tu. Mvuvi anauliza kuhusu diko. Mkulima anauliza kuhusu bonde la mpunga lililoingiliwa na maji ya chumvi, balaa ambalo watu wa Kisiwa Panza wanalijua vyema. Msumbufu amewafungulia mlango. Akiwasikia, anawasaidia pia kupanga maswali: hili la Mwakilishi, kwa sababu maji, skuli na barabara si mambo ya Muungano, lile la Mbunge, alipeleke Dodoma, na lile la taka ni la Diwani. Bila ya mpangilio huo, kila kiongozi humsukumia mwenziwe, na mwananchi hurudi kwao na majibu matatu yasiyo na mwenyewe.

Kuna sifa moja ninayoithamini kupita zote. Pemba tumezoea kumpima kiongozi kwa bendera. Katika uchaguzi wa mwanzo baada ya kurejeshwa vyama vingi, mwaka 1995, majimbo yote 21 ya kisiwa hiki yalichukuliwa na CUF. Katika uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, ambao CUF iliususia, CCM ndiyo iliyochukua. Sasa majimbo ni 18, na ushindani bado ni mkali, na una majeraha yake ambayo kila nyumba inayajua. Msumbufu ana chama chake kama sisi sote. Lakini akifungua daftari anamuuliza wa chama chake swali lile lile alilomuuliza wa chama cha pili, kwa sauti ile ile. Mfereji mkavu haujui umepigiwa kura na nani. Wachache wetu tunaweza kufanya hivyo mbele ya jamaa na majirani, na ndiyo maana tunaona raha zaidi kumgunia.

Kwa hivyo nina maombi, na nayatoa kwa moyo mmoja. Masheha wamwekee kiti cha mbele na kipaza sauti kimfikie. Katibu wa mkutano aandike maswali yake kama alivyoyauliza, si kwa muhtasari wa "wananchi waliomba maendeleo". Vijana wanaojua kusoma vitabu vya bajeti wakae naye, wamsomee mafungu, na wajifunze kwake kutokukaa chini. Nanyi Waheshimiwa, mtakaporudi Julai ijayo, kabla ya salamu za chama na kabla ya trilioni, anzeni na maswali ya mwaka jana, moja baada ya jengine, na mseme lipi limetekelezwa, lipi bado, na kwa nini. Hotuba yoyote itakayofuata baada ya hapo tutaisikiliza, hata ikiwa ndefu.