Jinsi ya Kusimamia Ujenzi wa Moyo wa Mwanao

Hongera, wewe wa Bweri unayetaka mtoto mwenye moyo imara. Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

Kwanza, usijue chochote. Wiki tatu tangu mimba itungwe, mama bado anadhani ni uchovu tu, na kazi imeshaanza. Mirija miwili inaungana kuwa mmoja, tena jirani na kichwa, si kifuani. Usibishane na ramani: kichwa kikijikunja, moyo utashuka wenyewe. Siku ya 22 au hapo karibu unaanza kupiga. Hauna vyumba wala vali, lakini uko kazini. Tahadhari: fundi wa nyumba yako akiwasha pampu kabla ya kupandisha ukuta, mfukuze. Huyu mwache.

Pili, mrija upinde kulia. Ukipinda kushoto, mtoto anaweza kuzaliwa moyo ukiwa upande wa kulia, na wapo wanaozeeka hivyo bila habari. Tahadhari: wanaujua siku wakipigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi.

Tatu, kuta. Zinapanda kati ya wiki ya 4 na ya 8 hadi vyumba vitimie 4. Ukuta wa juu uachiwe tundu la makusudi, kwani mapafu bado yamelala na damu inahitaji njia ya mkato. Litajifunga baada ya kuzaliwa. Kwa mtu mmoja kati ya wanne halifungi sawasawa, na wengi wao wanaendesha bodaboda vizuri tu. Tahadhari: tundu la ukuta wa chini halikuwemo kwenye ramani.

Nne, tunza siri. Mimba haitangazwi mapema. Watu wana macho. Tumbo likishajitangaza, nenda kliniki na mume. Kama yuko ziwani, huenda ukatakiwa kubeba barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hayupo. Hapo utapimwa sukari, utapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa uache pombe: ushauri mzuri sana, kwa moyo uliokwisha kujengwa. Tahadhari: rubela huharibu moyo wa mimba changa, na chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2014. Kama ulikuwa mtu mzima tayari, pole.

Tano, mtoto akinyonya huku midomo inageuka bluu, usingoje. Wahi hospitali, wakikuandikia rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, basi la Dar utalipanda hapo hapo stendi ya Bweri. Tahadhari: njiani ndugu watapiga simu kuuliza mama alikula nini. Usihangaike kujibu, jibu wanalo.