Wakili wa Kivuli

Kila kitu kimepata msifu wake. Ng'ombe ana nyimbo, mahindi yana siku ya maonyesho pale chuo cha wakulima cha Mabanga, Bungoma, na hata wanasiasa hawakosi wa kuwapigia vigelegele. Kivuli kilichoingia kwenye picha ndicho kimebaki yatima. Kinakatwa, kinafutwa, kinatukanwa. Nimejitolea kukisimamia.

Nianze na shtaka zito kuliko yote, la harusi. Ibada imechelewa, hotuba zimerefuka, na maharusi wanatoka kanisani saa saba kasoro. Mpigapicha anajipongeza kwamba saa sita imeshapita, jua limeanza kuteremka. Wapi! Saa za Kenya hufuata jua la upande wa Mogadishu, na likishafika utosini kule, huchukua dakika arobaini hivi kufika utosi wa Bungoma. Adhuhuri ya kweli ya Mabanga ni karibu saa sita na dakika arobaini, saa ileile bwana harusi anapoambiwa atabasamu. Nyusi zinayafunika macho, pua inamwotesha masharubu ambayo hakuja nayo, na wazee wenye kofia wanabaki videvu vitupu.

Watu husema kivuli kimeharibu. Mimi nasema kimesitiri. Katika yale mashimo meusi kuna macho mekundu ya mtu ambaye hajalala tangu kamati ya harusi ianze kudai ahadi, na ambaye hata sasa, mkono wa mkewe ukiwa kwapani, anahesabu kimoyomoyo nani hajatoa mchango. Mngetaka hayo yaonekane?

Tena kina nidhamu. Mabanga iko kaskazini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri hulala upande wa kusini, na Desemba upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Machi, na tena Septemba, hujikunja chini ya viatu kisionekane kabisa. Nitajieni mwingine katika kaunti anayehama upande mara mbili kwa mwaka bila kudai chochote.

Asubuhi ni kesi nyingine. Ni Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu, kijana amerudi kutoka mtoni na tope lake, simu zote ziko juu. Wajuzi wanafuata ushauri wa vijitabu vya kamera za zamani: jua liwe mgongoni mwa mpigaji. Basi saa moja baada ya jua kuchomoza, kivuli cha mtu kinakaribia mara nne ya urefu wake, na mjomba aliyesimama mbali kwa heshima anajikuta amelala miguuni pa shujaa, viwiko vimetanuka. Ndiyo picha pekee ya sherehe nzima ambamo mjomba yumo. Mmarekani Lee Friedlander alikiacha kivuli chake kimwangukie mgongoni mwanamke wa koti la manyoya huko New York mwaka 1966, na picha ikaingia makumbusho. Mjomba anasutwa kwenye WhatsApp.

Picha ya pasipoti, nakiri, haikitaki: mandhari iwe nyeupe, bila kivuli. Mwenye kibanda hutundika shuka, kisha hukuvuta mbele hatua mbili ili kivuli kiangukie chini badala ya nguoni. Sioni aibu iko wapi. Kivuli chenyewe huvuka mpaka wa Malaba bila foleni wala muhuri. Zile programu za simu za kukifuta ndizo zenye makosa, maana zikimaliza kazi, kukhu, yaani nyanya, anabaki akielea juu ya nyasi na mkongojo wake.

Wenye subira hungoja jua lishuke; aliye juu mngoje chini. Wengine hushika kitambaa cheupe kifuani ili mwanga urudi usoni, na kweli husaidia. Lakini fundi hasa huwahamisha maharusi hadi chini ya upenuo wa kanisa, au hungoja wingu litoke upande wa Mlima Elgon. Na chini ya upenuo kuna nini? Wingu nalo limeshusha nini? Dawa ya moto ni moto.

Mwembe tu ndio muuepuke. Mwanga unaopenya kwenye majani yake huwatia watu madoadoa, na kila doa la duara ni sura ya jua lenyewe. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa, madoa kama hayo yaligeuka hilali chini ya miti. Siku hiyo watu walilipa nauli hadi Pakwach, Uganda, wakasimame sekunde chache ndani ya kivuli cha mwezi. Kamera zilikuwa tele, na hakuna aliyeuambia mwezi usogee kando kidogo.