Kasala ya Shofo Langu

Waluba wana kasala, yale maneno ya kumwita mtu kwa majina ya babu zake, vita walivyopigana na mito waliyoivuka, mpaka anayesifiwa atokwe na machozi na mkono uingie mfukoni wenyewe. Nimesikia kasala ya chifu, ya bwana harusi na ya marehemu. Mara moja nimesikia ya mkubwa wa umeme, huyo nitamrudia. Ya shofo sijapata kuisikia. Basi leo, nikiwa mtu mzima na akili zangu, naliimbia tangi jeupe la lita 80 lililotundikwa ukutani kwangu, mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi.

Shofo ndilo tangi la umeme la kupashia maji. Wafaransa wana jina refu kidogo, sisi tumelikata mkia. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atauliza maji ya moto ya nini. Ndugu yangu, Lubumbashi uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Alfajiri unaona pumzi yako. Joto la Kongo unalosikia habari zake liko kwingine.

Shofo la zamani lilikaa kwenye korido karibu na jikoni, na halikuwa na ugomvi na mtu. Mwaka jana mama watoto akataka jiko lipanuliwe, ukuta wa korido ukavunjwa, na shofo likabidi lihamie bafuni. Ni safari ya mita tatu. Ilichukua wiki kumi na moja.

Fundi wa kwanza alilitundika kwenye ukuta mpya wa matofali ya saruji yenye matundu. Nilimwambia lita 80 za maji ni kilo 80, na chuma juu yake. Akaupigapiga ukuta kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji. "Papa, usiogope, iko mugumu." Siku ya tano usiku shofo lilishuka. Wengine wangesema lilianguka, lakini mwenye kasala husema lilishuka, kwa unyenyekevu, likavunja choo.

Tulipolifungua tuliona fadhila nyingine mbili. Kwanza, lilikuwa na akiba. Chini yake yalijaa magaga ya chokaa, karai zima, kwa sababu maji yetu ya chini ya ardhi hutoka kwenye miamba ya dolomia na kila yanapochemka huacha kijiwe. Pili, lilijua kujitoa mhanga. Ndani ya shofo kuna fimbo ya magnesi ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lipone. Ya kwetu ilikuwa imekwisha kitambo, umebaki waya. Hakuna fundi aliyewahi kuniambia kwamba fimbo hiyo hubadilishwa. Mashahidi wengi huishia hivyo.

Tukanunua jipya, kwa dola. Lilikuwa limeingia kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na utumbo wake, ule mkunjo unaochemsha maji, ni wa shaba. Nilicheka peke yangu dukani. Katanga yenyewe iliitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997. Shaba hutoka kupitia Kasumbalesa ikiwa mabamba na hurudi kupitia Kasumbalesa ikiwa utumbo wa shofo, na njiani imejifunza kusema bei.

Lakini fadhila kuu ya shofo, ambayo kwayo linastahili ng'oma, ni kwamba ni mshenga.

Tuliza moyo nikueleze. Kwetu kuna bwana mmoja anaitwa Umeme na binti mmoja anaitwa Maji. Umeme ni kijana wa usiku. Huja saa tano, pengine saa nane, hapigi hodi, na anaweza kuondoka katikati ya salamu. Maji ni binti wa heshima, hutoka siku mbili tatu kwa wiki, alfajiri, kwa sauti ndogo, na kwanza hukohoa hewa kwenye bomba. Hawa wawili hawajawahi kupanga miadi. Ndoo haijali, kwa kuwa inamtaka Maji tu. Balbu inamtaka Umeme tu. Katika nyumba nzima ni shofo peke yake linalosema: wote wawili, pamoja, chini ya paa langu, au hakuna harusi.

Nimekuwa mjumbe wa ukoo. Nalala na sikio moja bombani na jicho moja kwenye taa ya korido. Maji akija, naamka nijaze tangi. Umeme akija, naamka niwashe swichi. Halafu kuna mahari, na hapa hesabu haina huruma: lita 80 kutoka nyuzi 18 hadi 60 zinataka karibu kilowatisaa nne, yaani saa mbili kwa utumbo wa kilowati mbili. Hiyo ni kama Umeme amekuja mzima, na volti zake 220. Kwetu huja amechoka. Nilimpima usiku mmoja nikamkuta na 155, na kwa volti 155 utumbo hutoa nusu ya joto. Saa mbili zinakuwa nne. Saa nne, ndugu zangu, hakai! Hujakaa hata wewe kwa wakwe saa nne. Mara tatu kati ya kumi harusi hufika kwenye uvuguvugu, na tunaoga tukimshukuru Mungu na mshenga.

Na kama kasala ingeishia hapo ningekuwa nimecheka vizuri.

Lakini bili huja, na bili haijawahi kukatika. Kwetu hakuna mita. Tunalipa kiasi kile kile kila mwezi, umeme uwe umewaka usiku thelathini au usiku sita. Mwezi wa saba nilichelewa siku kumi na mbili, wakaja na ngazi wakakata waya. Walikata saa nne asubuhi, wakati hakuna umeme! Mwanangu wa darasa la tatu alitaka kujua wamekata nini. Sikuwa na jibu. Alikuwa anaoga kwa maji ya birika, anatetemeka mpaka meno yanagongana, na mimi baba yake nimesimama na risiti za mwaka mzima mkononi.

Kusema kweli, umeme haujapotea, una wenyewe. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi 1930 ili shaba iyeyuke. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700, ilikamilika 1982 kwa ajili ya migodi, ikipita juu ya vijiji vinavyopikia kuni hadi leo. Mwadingusha ilipofufuliwa na kurudi na megawati 78 mwaka 2021, fedha zilitoka kwa wachimba shaba, na aliyelipa anapata. Tangu mwanzo shaba hupashwa moto kwanza. Watoto hufuata, ukibaki.

Na sisi? Huyo mkubwa wa umeme niliyesema nitamrudia, alikuja mtaani kwetu kukata utepe. Kebo tulichanga sisi, lupangu kwa lupangu, yaani kiwanja kwa kiwanja, baada ya ile ya zamani kuungua na kukaa miezi mitano. Transfoma tuliibeba kwa lori la jirani. Yeye alileta mkasi. Tukamwekea kiti cha plastiki chenye kitambaa, mama mmoja akasimama akamwimbia kasala, babu zake wote na mito yote, na wakati wa machozi mkono wake haukuingia mfukoni. Mikono iliyoingia mfukoni ilikuwa yetu, ya nauli yake. Nami nilipiga makofi. Nilikuwa safu ya pili.

Shofo la zamani nililiuza kwa wahunzi. Walilikata wakatengeneza mbabula mbili, yale majiko ya makaa, na moja nikairudisha nyumbani. Nimeiweka nyuma ya jiko jipya, na saa kumi na moja alfajiri mama watoto huitia makaa na kuweka sufuria juu. Maji huchemka kwa nusu saa, kila siku.